Je, Chembe za Damu Zinaweza Kuonyesha Ugonjwa wa Wasiwasi?

Maswali ya wasomaji na majibu ya daktari

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 34. Kwa muda wa miezi minane sasa nimekuwa nikiamka usiku wa manane huku moyo ukinienda mbio, viganja vikitoka jasho, na fikra zikizunguka juu ya mambo ambayo mchana nayaona hayana uzito wowote. Nilipokwenda kutibiwa niliandikiwa kipimo cha picha kamili ya damu. Majibu yalionyesha neutrofili 5.4 na limfosaiti 1.8, ambazo ni aina mbili za chembe nyeupe za damu, nikaambiwa kila kitu ni cha kawaida. Baadaye nikasoma kwamba ukigawanya neutrofili kwa limfosaiti unapata namba inayotambulisha ugonjwa wa wasiwasi. Nimegawanya, nikapata 3. Je, namba hiyo inathibitisha kwamba naumwa? Na kama inathibitisha, mbona niliambiwa kila kitu ni cha kawaida?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Hesabu yako umeifanya sawasawa, na ulichosoma hakikutungwa hewani. Uwiano wa neutrofili kwa limfosaiti hutumiwa kweli na watafiti, na katika baadhi ya tafiti kundi la watu wenye ugonjwa wa wasiwasi limekutwa na wastani wa juu kidogo kuliko kundi la watu wasio nao. Hata hivyo wastani ni mali ya kundi. Ukichukua majibu ya mtu mmoja mmoja kutoka makundi hayo mawili na kuyachanganya mezani, utakuta mengi yanafanana kabisa, kiasi kwamba ukiokota karatasi moja huwezi kusema imetoka upande gani. Namba 3 unaweza kuikuta kwa mtu mwenye wasiwasi mkubwa, na unaweza kuikuta kwa mtu mtulivu anayeanza kuumwa mafua.

Ni vizuri ujue kilichopimwa. Mashine ya kuhesabu chembe hupokea kiasi kidogo sana cha damu, hukipitisha katika tundu jembamba na kuhesabu chembe kadiri zinavyopita. Hutoa idadi ya chembe nyekundu zinazobeba oksijeni, chembe nyeupe zinazoulinda mwili, na chembe sahani zinazosaidia damu kuganda. Kwa mtu mzima, chembe nyeupe kwa kawaida huwa kati ya 4,000 na 11,000 hivi katika mikrolita moja ya damu. Zilizo nyingi kati ya hizo ni neutrofili, ambazo huwahi kufika penye jeraha au penye bakteria, na zinazofuata kwa wingi ni limfosaiti, ambazo hupambana na virusi na kutunza kumbukumbu ya maradhi yaliyokwisha kupita mwilini. Neutrofili zako 5,400 na limfosaiti zako 1,800 (karatasi yako imeziandika kwa maelfu, 5.4 na 1.8) zote zimo ndani ya mipaka inayokubalika, kwa hiyo aliyekuambia ni kawaida hakukosea wala hakukuficha jambo.

Sasa hofu inaingiaje katika habari hii? Karibu nusu ya neutrofili zilizomo mishipani hazitembei na mkondo wa damu, bali zimejibanza kwenye kuta za mishipa. Mtu anapoingiwa na hofu, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, damu huanza kwenda kwa nguvu, na zile zilizojibanza hubanduka zikaingia mkondoni. Katika dakika chache hesabu hupanda bila hata chembe moja mpya kuzaliwa. Baadaye hufuata kotisoli, homoni inayofanya kazi polepole zaidi, ambayo kwa muda wa saa kadhaa huita neutrofili zaidi kutoka kwenye uboho na kuzipunguza limfosaiti katika damu, kwa kuwa nyingi huondoka mishipani na kwenda kukaa katika viungo vingine. Neutrofili zikiongezeka huku limfosaiti zikipungua, uwiano lazima upande. Mwaka 1914 mwanafiziolojia wa Marekani Walter Cannon na mwenzake walionyesha kwa majaribio ya wanyama kwamba adrenalini huifanya damu igande upesi zaidi, kana kwamba mwili unajiandaa kwa jeraha ambalo bado halijatokea. Kwa hiyo wazo la kwamba hofu hugusa damu lina msingi, na mimi naliheshimu.

Tatizo ni kwamba mambo mengi hupita njia hiyo hiyo. Kotisoli hupanda kila asubuhi kwa mtu yeyote, hivyo damu iliyotolewa saa mbili asubuhi na iliyotolewa jioni hazisomeki sawa. Maambukizi ya bakteria, jino lililooza, uvutaji wa sigara, ujauzito, unene uliozidi, mazoezi makali na dawa za jamii ya steroidi, kila kimoja huweza kuzipandisha neutrofili. Hata kule kuogopa sindano kunatosha. Nimewaona wagonjwa wengi wakiwa wamekaa kwenye kiti cha kutolea damu, wameshika mkono wa kiti mpaka vidole vimebadilika rangi, wakitazama ukutani ili wasiione sindano. Damu inayotoka dakika ile inaeleza hofu ya dakika ile, na haina namna ya kusema kama hofu hiyo imekaa miezi minane au imeanza mlangoni.

Pengine utauliza kwa nini basi uliandikiwa kipimo hicho. Uliandikiwa kwa sababu nzuri. Upungufu wa damu hufanya moyo uende mbio, pumzi ikatike na mtu ahisi kama kuna baya linakuja, na ni rahisi kuuchukulia kuwa wasiwasi. Tazama kwenye karatasi yako himoglobini, yaani protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, ni ngapi. Kwa mwanamke asiye mjamzito, kiwango chini ya gramu 12 katika desilita moja huhesabiwa kuwa upungufu wa damu. Kama bado hujapimwa homoni za tezi ya thairoidi na sukari, omba upimwe, kwani tezi hiyo ikifanya kazi kupita kiasi huleta jasho, mapigo ya haraka na kukosa usingizi, yaani yale yale uliyoyaandika.

Vipimo hivyo vikiwa salama, sentensi zako za mwanzo zina uzito kuliko ile 3. Mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili unaotumiwa Marekani, toleo la mwaka 2013, hutaka wasiwasi uliopitiliza uwepo siku nyingi kuliko siku usizokuwa nao kwa muda usiopungua miezi 6, uwe mgumu kuudhibiti, na uambatane na dalili kama kukosa usingizi, kuchoka upesi, misuli kukaza na kushindwa kutuliza mawazo. Wewe una miezi minane. Nenda kaonane na daktari au mtaalamu wa afya ya akili, umsimulie kama ulivyonisimulia mimi, na usipunguze chochote kwa kuona aibu. Ugonjwa wa wasiwasi unatibika kwa tiba ya mazungumzo, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Ukipata maumivu ya kifua yasiyoisha au mawazo ya kujidhuru, usisubiri siku ya miadi; nenda hospitali mara moja.

SWALI: Mheshimiwa Daktari, mimi ni mwanafunzi wa fani ya maabara, na kwa ajili ya kazi yangu ya mwaka wa mwisho nimesoma tafiti kuhusu ukubwa wa chembe sahani kwa watu wenye mashambulio ya hofu. Utafiti mmoja umekuta chembe hizo ni kubwa kuliko kawaida, mwingine umekuta ni ndogo. Wote wamepima kitu kimoja. Nimshike nani?

JIBU: Mwanangu, umegusa mahali ambapo watu wa maabara wangepaswa kusikilizwa zaidi kuliko wanavyosikilizwa sasa. Usikimbilie kumshika mmoja wao. Tazama kwanza kichupa.

Chembe sahani zilianza kuwavutia watafiti wa magonjwa ya akili kwa sababu ya serotonini, kemikali ambayo seli za neva huitumia kupelekeana taarifa. Serotonini ya damuni karibu yote imehifadhiwa ndani ya chembe sahani. Chembe hizo haziitengenezi zenyewe. Huinyonya kutoka kwenye maji ya damu kwa kutumia mlango wa protini ule ule unaotumiwa na seli za ubongo. Kwa kuwa ubongo wa mtu aliye hai hauwezi kukatwa kipande ili uchunguzwe, chembe sahani zilionekana kuwa dirisha dogo la kuchungulia. Kisha ikaongezeka hoja ya ukubwa: chembe sahani kubwa kwa kawaida ni changa na nyepesi kuchokozeka, hivyo mwili ulio katika msukosuko ungetarajiwa kuzitoa kwa wingi. Hoja zote mbili ni nzuri.

Sasa njoo mezani. Damu ya kuhesabia chembe hutiwa katika kichupa chenye kifuniko cha zambarau, ambacho ndani yake mna dawa ya kuzuia kuganda iitwayo EDTA. Chembe sahani inapotoka mshipani ina umbo la kisahani bapa, na ndiyo asili ya jina lake. Ikikaa ndani ya dawa hiyo huanza kuvimba na kuwa kama mpira, na uvimbe huo huendelea katika saa za mwanzo. Kichupa kikipimwa baada ya nusu saa kitatoa ukubwa mmoja, na kichupa hicho hicho kikiachwa mezani hadi baada ya chakula cha mchana kitatoa ukubwa mwingine. Ukubwa wa wastani wa chembe sahani kwa mtu mzima huwa kati ya femtolita 7 na 11 hivi (femtolita ni kipimo kidogo mno cha ujazo), na tofauti inayotafutwa kati ya wagonjwa na wasio wagonjwa mara nyingi haifiki hata femtolita moja. Tofauti ndogo namna hiyo inaweza kuzaliwa na kuchelewa kwa kichupa, pasipo ugonjwa wowote. Tena mashine zinazotumia umeme kupima ukubwa na zile zinazotumia mwanga hazitoi namba zinazolingana.

Mambo mengine nitayapitia upesi kwa kuwa umekwisha kuyasoma darasani. Wagonjwa wengi wanaochunguzwa tayari wanatumia dawa zinazofunga ule mlango wa serotonini, na dawa hizo hubadilisha chembe sahani zenyewe; ndiyo maana watumiaji wake huwa katika hatari kubwa kidogo ya kutokwa damu. Wengi pia wana sonona pamoja na wasiwasi, na ni vigumu kujua damu inaeleza kipi kati ya hivyo viwili. Aidha, tafiti nyingi za aina hii hutoa damu mara moja tu, zikamlinganisha mgonjwa na mtu mwingine badala ya kumlinganisha na yeye mwenyewe kabla na baada ya kupona.

Usisahau kipimo cha jinsi chembe nyekundu zinavyotofautiana ukubwa, ambacho kwa kawaida huwa kati ya asilimia 11.5 na 14.5. Nacho kimetajwa katika tafiti za wasiwasi. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, ilhali chembe sahani huishi siku 7 hadi 10, kwa hiyo kipimo cha chembe nyekundu kinaeleza miezi iliyopita na cha chembe sahani kinaeleza wiki hii. Hali inayodumu miezi sita ingestahili kutafutwa zaidi katika kile cha kwanza, ila upungufu wa madini ya chuma hukipandisha kwa nguvu kuliko wasiwasi unavyoweza kufanya, na ukiwapima watu bila kuwapima chuma utakuwa umepima lishe yao.

Kama kazi yako bado haijaanza, toa damu ya kila mshiriki saa ile ile ya asubuhi, pima kila kichupa baada ya muda ule ule, kwa mfano saa moja kamili tangu kutolewa, tumia mashine moja, na uandike muda wa kutoa na muda wa kupima katika kila mstari wa daftari lako. Ukifanya hivyo na usikute tofauti yoyote, andika kwamba hukukuta. Jibu hilo nalo linahitajika sana katika uwanja huu.

SWALI: Daktari, nasimamia wafanyakazi wapatao 1,000. Kila mwaka tunawapima damu. Je, hatuwezi kutumia majibu yaliyokwisha kuwapo ili kuwatambua wenye ugonjwa wa wasiwasi na kuwasaidia mapema, bila kumsumbua mtu kwa maswali?

JIBU: Nia yako ni njema, na kwa ajili ya nia hiyo nakuomba tupige hesabu pamoja. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 walikuwa na ugonjwa wa wasiwasi, yaani takriban watu 4 katika kila 100. Tuchukulie kwamba wafanyakazi wako wanafuata wastani huo: 40 wana ugonjwa na 960 hawana. Sasa tukipe kipimo cha damu sifa kubwa, kwa mfano tu, tuseme kinawatambua wagonjwa 70 katika kila 100 na kinawaacha salama watu 70 katika kila 100 wasio wagonjwa. Kitawanasa wagonjwa 28 na kuwakosa 12. Lakini miongoni mwa wale 960 kitawanyooshea kidole watu 288 wasio na ugonjwa wowote. Utakuwa na orodha ya watu 316, na kati yao wenye ugonjwa ni 28 tu, yaani hata mmoja katika kila kumi hawafiki. Wale 12 waliokosewa watapewa karatasi inayosema wako salama, na pengine wataacha kutafuta msaada.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi. Mipaka ya namba hizi haiwezi kuhamishwa kutoka kwa watu wa asili moja hadi wa asili nyingine bila uangalifu. Watu wengi wenye asili ya Afrika huzaliwa bila alama iitwayo Duffy juu ya chembe zao nyekundu, na kukosa alama hiyo huwakinga dhidi ya malaria ya vimelea vya vivaksi. Watu hao mara nyingi huwa na neutrofili chache katika damu maisha yao yote, nao ni wazima kabisa. Uwiano wao wa neutrofili kwa limfosaiti huanzia chini. Ukitumia mpaka uliowekwa kwa kupima watu wa kwingine, unaweza kumpita mtu mwenye mateso makubwa kwa sababu tu ya alivyozaliwa.

Tena damu ile waliitoa kwa shughuli nyingine. Kuitumia kukisia hali ya akili ya mtu bila ridhaa yake ni kumwingilia, hata kama unamtakia mema. Ukitaka kuwasaidia, wape nafasi ya siri ya kuonana na mshauri, na uwahakikishie kwamba kwenda huko hakutaandikwa popote katika mafaili ya kazi. Maswali uliyotaka kuwaepusha ndiyo msaada wenyewe.

SWALI: Daktari, mume wangu hulala kwa shida, hukagua milango mara nne, na akipigiwa simu na mtu asiyemjua hutetemeka. Nikimwambia twende kwa mtaalamu wa akili husema, "Onyesha kwanza ugonjwa kwenye damu yangu, ndipo niende." Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, usibishane naye juu ya damu. Mwambie sawa, twende tukapime. Mwanamume wa namna hiyo mara nyingi haogopi tiba. Anaogopa kuambiwa kwamba anajitakia. Kupima himoglobini, sukari na thairoidi ni hatua ambayo daktari angeianza hata hivyo, na pengine mlango huo ndio atakaokubali kuupita.

Jiandae lakini kwa majibu kuwa ya kawaida, maana uwezekano ni mkubwa, na hapo ndipo atakapotaka kurudi nyumbani akisema, "Umeona? Sina kitu." Kabla hamjaondoka, mwombe daktari amweleze mbele yako kwamba mpaka leo hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha wala kukanusha ugonjwa wa wasiwasi, na kwamba damu safi haina maana kwamba mateso yake ni ya kujifanyisha. Kisha mwombe atumie dodoso fupi la maswali saba lililochapishwa mwaka 2006 na kuenea duniani kote. Kila swali huulizia wiki mbili zilizopita na hupewa alama 0 hadi 3, jumla ya juu ikiwa 21; akifikisha 10 au zaidi, kwa kawaida hushauriwa kufanyiwa tathmini kamili. Dodoso nalo halitoi hukumu ya mwisho, lakini linamsikiliza mtu, na mashine ya damu haina uwezo huo.

Wewe kaa karibu naye, ila usimsemee. Swali la saba huuliza kama amekuwa akiogopa kwamba jambo baya litatokea. Akilifikia hilo anaweza kunyamaza kwa muda mrefu na kukutazama wewe. Msubiri ajibu mwenyewe.